Nakisi Ina Wenyewe

Kila alfajiri, nitokapo msikitini na kabla jua halijagusa mapaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, hupita barazani kwa jirani yangu mmoja, mjane wa makamo ambaye tangu saa kumi za usiku huwa amekwisha kukanda unga, kuukata na kuanza kuchoma mahamri, na hununua kwake mahamri manne na kibakuli cha mbaazi za nazi, si kwa kuwa kwangu hakupikwi, bali kwa kuwa mazungumzo ya pale aghalabu huwa na maana kuliko ya redio. Kando ya karai huweka daftari la shule la jalada la buluu, lililopakaa mafuta hata pembe zake zimekuwa kama ngozi, na ndani yake, kwa hati za Kiarabu alizofunzwa chuoni utotoni, ameandika majina ya wote anaowawia: hamali fulani mahamri sita, fundi wa viatu mahamri matatu na mbaazi, mtoto wa jirani shilingi 20. Daftari hilo nitalirudia.

Mwezi wa Juni 2024, siku ambazo Kenya nzima ilikuwa haina habari nyingine ila ya Mswada wa Fedha, aliniuliza huku akigeuza mahamri kwa kijiti, "Maalim, hiyo nakisi wanayoitaja kutwa ndiyo nini?" Nikamwambia kwamba ni upungufu, serikali hutumia zaidi ya ipatavyo, na tofauti hiyo huikopa. Akaopoa mahamri, akayaacha yajichuje mafuta, kisha akauliza, "Huikopa kwa nani?"

Nakiri kwamba nilisita. Katika makala chungu nzima nilizosoma mwezi ule, za walioutetea mswada na za walioupinga, kila mmoja alikuwa ameuliza nakisi ni kubwa kiasi gani, itazibwa kwa kodi ipi, na ni nani aliyeileta kwa wizi au kwa israfu; lakini swali la mchoma mahamri, ambalo kwa mwenye biashara yeyote ndilo la kwanza, lilikuwa nadra kama mvua ya Januari. Na mimi naona kwamba maadamu hatujalijibu hilo, majadiliano yetu yote juu ya nakisi, matajiri na nafuu kwa wanyonge ni sawa na mabishano ya watu wanaohesabu mawimbi bila ya kuuliza upepo unatoka upande gani.

Na tuukumbuke kwanza mswada wenyewe, kwani mambo ya juzi husahauliwa upesi kuliko ya kale. Makadirio ya mwaka wa fedha 2024/25 yalikaribia shilingi trilioni 4. Deni la taifa lilikuwa limekwisha kuvuka trilioni 10. Na riba peke yake, bila ya kuihesabu asili ya deni, ilikuwa ikila takriban theluthi moja ya kodi inayokusanywa. Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Kenya ilikuwa katika mpango wake tangu mwaka 2021, lilitaka upungufu upunguzwe, na Hazina ikakusudia kuushusha hata asilimia 3.3 ya pato la taifa. Ili kufika huko zilitafutwa kodi mpya za takriban shilingi bilioni 346, na miongoni mwa mahali zilipotafutwa ni katika mkate, ambao ungetozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16; katika mafuta ya kupikia ya mimea, ambayo yangetozwa ushuru wa asilimia 25; na katika nepi za watoto wachanga, kwa jina zuri la kulinda mazingira. Gari la mtu nalo lingelipiwa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, lakini kodi isishuke chini ya shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Msomaji na atue kidogo kwenye kikomo hicho cha juu, afanye hesabu yake mwenyewe: mwenye gari la milioni 4 angelipa 100,000, na mwenye gari la milioni 20 angelipa 100,000 hizo hizo. Mkate haukuwekewa kikomo.

Waliokuwa wakiutetea mswada hawakuwa wajinga, wala si insafu kuwafanya wote kuwa wadhalimu. Hoja yao ilikuwa kwamba deni haliwi hisani, kwamba mkopeshaji hangojei mtu ashibe ndipo adai, na kwamba serikali isiyotoza leo itakopa kesho kwa riba kubwa zaidi. Yote hayo ni kweli. Hati za dola bilioni 2 ambazo Kenya ilizikopa katika masoko ya nje mwaka 2014 zilikuwa zinaiva mwezi huo huo wa Juni, na ili kupunguza mzigo wake serikali ilikuwa imekopa tena dola bilioni 1.5 mwezi wa Februari, kwa riba ya asilimia 9.75. Mtu anayekopa kwa kiasi hicho ili alipe deni jingine hana raha, na anayemcheka hajawahi kudaiwa.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Takriban nusu ya deni la Kenya halikukopwa London wala Beijing wala Washington. Limekopwa hapa hapa nchini, kwa hati za dhamana na za muda mfupi zinazouzwa na Benki Kuu. Na mwezi ule ule wa Februari 2024, mbali na hati zilizouzwa nje, Benki Kuu iliuza nyumbani hati za miundombinu za miaka 8 na nusu, kwa riba ya asilimia 18.46, na riba ya hati za namna hiyo, kwa mujibu wa sheria, haitozwi kodi hata senti moja. Watu waliomba kuikopesha serikali zaidi ya bilioni 280, nayo ikachukua takriban bilioni 240. Kiwango cha chini cha kuingilia kilikuwa shilingi 100,000.

Aliyekuwa na shilingi milioni 10 zisizo na kazi, akaziweka katika hati hizo, alipata kwa mwaka wa kwanza shilingi 1,846,000, pasipo kuajiri mtu, pasipo kufungua duka, pasipo kuomba leseni ya kaunti, na pasipo kumpa mtoza kodi chochote. Ilhali mwalimu wa shule hukatwa kodi katika mshahara kabla hajauona. Na riba hiyo yatoka wapi? Yatoka katika kodi. Kwa hiyo mnyororo, tukiufuata pete kwa pete, unaanza kwa tajiri ambaye hakutozwa vya kutosha, akabaki na akiba. Serikali iliyokosa kumtoza ikamwendea kumkopa akiba ile ile. Na ili imlipe riba yake, ikageukia chupa ya mafuta ya kupikia. Nakisi, basi, si shimo tupu ambalo sote tumelizunguka kwa huzuni moja; kwa wengine ni shamba, na shamba hilo lina msimu wa mavuno.

Haki yataka niongeze kwamba hati hizo hazikununuliwa na matajiri peke yao, kwa kuwa mifuko ya pensheni na mabenki hushika sehemu kubwa sana, na wako watu wa kadiri, hata walimu wastaafu, waliokusanya laki yao wakaingia. Sitaki kuwatia wote katika kapu moja. Lakini laki moja ya mstaafu na mamilioni ya mwenye majumba hayavuni sawa, na msamaha wa kodi, ukiwa umewekwa kwa asilimia, humpa zaidi aliye na zaidi.

Jambo hili la nani aitwe kwanza wakati hazina inapopungukiwa lina asili ya kale katika nchi hii. Baada ya vita vikuu vya kwanza bei za mazao zilianguka, na serikali ya kikoloni ikajikuta na upungufu mkubwa. Kulikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kodi ya mapato, iliyopitishwa mwaka 1920, ambayo kwa hali ya mambo ya siku zile ingewaangukia hasa walowezi wa Kizungu na wafanya biashara. Ya pili ilikuwa kodi ya kibanda, iliyokwisha kuwako tangu mwaka 1901, ambayo iliwaangukia Waafrika, tajiri kwa maskini, kwa kibanda alicho nacho mtu na si kwa kipato alichopata. Walowezi, waliokuwa na sauti katika Baraza la Kutunga Sheria, waliipinga kodi ya mapato kwa nguvu zao zote, wakidai kwamba itawaua wakulima wanaojenga nchi. Kamati iliyoongozwa na Bowring, ofisa mkuu wa serikali hiyo, ikapendekeza iachwe, na mwaka 1922 ikafutwa. Haikurudi hata mwaka 1937. Badala yake ulitegemewa ushuru wa forodha, ambao kila mnunuzi huulipa asijue kwamba anaulipa. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa imepandishwa hata shilingi 16, katika siku hizo hizo ambazo waajiri walowezi walikuwa wamekubaliana kupunguza ujira wa vibarua kwa theluthi.

Harry Thuku, karani wa simu, aliyasema hayo hadharani, akakamatwa. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kutaka aachiliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakemea wanaume waliotaka kuondoka. Risasi zikapigwa, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Mimi kila nikisoma habari hizi huzipambanisha tarehe: mwaka ule ule mmoja, nchi ile ile moja, upungufu ule ule mmoja, kundi moja lilikataa kodi kwa maazimio na likasikilizwa, na kundi jingine lilikataa kodi kwa miguu likapigwa risasi. Baadaye kodi ya kibanda ilishushwa hata shilingi 12, jambo ambalo laonyesha kwamba haikuwa lazima iwe 16.

Mtu atasema kwamba hayo yalikuwa ya wakoloni na yamekwenda nao. Lau ingekuwa hivyo! Kodi ya mirathi, iliyokuwa ikikata fungu katika mali kubwa zinapohama kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi, ilifutwa na Kenya huru mwaka 1982. Kodi ya faida itokanayo na kuuza mali, kama vile ardhi, ilisimamishwa mwaka 1985 kwa hoja ya kuwavutia wawekezaji, na ikalala usingizi hata mwanzo wa mwaka 2015, iliporudishwa kwa asilimia 5, kisha ikafanywa 15 mwaka 2023. Takriban miaka 30! Katika miaka hiyo viwanja vya pwani yetu, kuanzia Nyali na kupanda Malindi, na kushuka Diani, vilipita mkono hata mkono, vingine vikiwa vimeanza kama zawadi kutoka juu kwa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mchanga wake, na kila mkono ulipouza kwa bei maradufu haukudaiwa kodi juu ya faida ile. Hakuna aliyeiita hiyo ruzuku. Hakuna waziri aliyesimama kusema kwamba Hazina haiwezi kuuhimili mzigo wa kuwasamehe wauza viwanja.

Na hapa naona lugha yenyewe inatupunja. Anachopewa maskini huitwa ruzuku, na neno hilo, ambalo asili yake ni riziki, limefanywa kunuka. Anachopewa tajiri huitwa kivutio au motisha, na maneno hayo yamepakwa marashi. Rais William Ruto, katika hotuba yake ya kuapishwa tarehe 13 Septemba 2022, alieleza kwamba ruzuku ya mafuta ya gari ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na ya unga bilioni 7 kwa mwezi mmoja tu, tena bila ya faida, na akazikomesha au kuzipunguza. Kuhusu unga nakubaliana naye: ule wa shilingi 100 kwa pakiti ya kilo 2, ulioletwa na serikali iliyotangulia wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, ulikuwa ukionekana katika matangazo kuliko katika maduka, na jirani yangu asema aliuona mara moja. Lakini Hazina yenyewe huchapisha ripoti ya kodi inazoziachilia kwa misamaha na vipunguzo vya namna zote, na kwa mwaka 2023 jumla yake ilizidi shilingi bilioni 500. Hiyo ni zaidi ya kodi zote mpya za mswada ule. Ni kweli kwamba sehemu yake ni misamaha ya vyakula na dawa, ambayo maskini huihitaji, na mtu asijaribu kuifuta yote kwa kalamu moja. Lakini orodha ile haisomwi barazani wala bungeni kwa sauti inayosomewa ruzuku ya unga.

Hata nafuu iliyokusudiwa kwa nia njema huteremka kama maji, isipokuwa haya hupanda mlima. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga nchi, Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, alitangaza nafuu ya kodi: wapatao mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wasikatwe kitu, kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25, na cha makampuni kadhalika. Wengi tulishangilia. Niliketi siku moja nikapiga hesabu kwa viwango vya kabla na vya baada, nikaona kwamba mwenye mshahara wa 24,000 aliokoa takriban shilingi 1,600 kwa mwezi, na mwenye 500,000 aliokoa zaidi ya 25,000. Mchoma mahamri, hamali na mvuvi, ambao hawana hati ya mshahara, hawakuwamo katika hesabu hiyo hata kidogo, ijapokuwa ndio waliofungiwa riziki zao kwa amri ya kutotoka nje usiku. Jirani yangu alikuwa akiwasha moto wake wa saa kumi kwa hofu, dirisha limefungwa, moshi ukimtoa machozi. Nafuu ile ilikoma kwa kiasi kikubwa mwisho wa mwaka ule, na pengo la mapato iliyoliacha likaingia katika nakisi.

Ya tarehe 25 Juni 2024 yajulikana. Bunge lilipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana waliojiita Gen Z, wengi wao wakiwa hawajawahi kupiga kura zaidi ya mara moja, wakaingia katika jengo la Bunge lenyewe. Risasi zikapigwa, na watu wakafa, na vifo viliendelea kuhesabiwa kwa wiki kadhaa baadaye. Kesho yake Rais Ruto alikataa kutia sahihi. Siandiki hayo upesi kwa kuyadharau. Nayaandika upesi kwa kuwa wazee wao wamekwisha kuyasema kwa vilio, na kalamu yangu haina la kuongeza juu ya kilio cha mzazi.

Na baada ya mswada kuanguka, serikali ilifanya nini? Ilipunguza matumizi kidogo, ikaupandisha upungufu wake kutoka asilimia 3.3 hadi 4.3 ya pato la taifa, ikakopa, na Desemba ikapitisha sheria nyingine ya kodi iliyorudisha baadhi ya mambo kwa mlango wa uani. Kukopa kwa nani, msomaji ameshajua. Ndipo ninapotofautiana kidogo na vijana, ambao nawaheshimu kwa ushujaa kuliko ninavyoweza kueleza: wao husema kwamba wezi wakikamatwa na safari za anasa zikikomeshwa, nakisi itakwisha. Wezi na wakamatwe. Lakini hata wote wakikamatwa asubuhi hii, wale walioikopesha serikali kwa asilimia 18 bila kodi watakuwa bado wamekaa barazani kwao wakingoja riba, kihalali kabisa, na sheria iliyowapa msamaha haitakuwa imeguswa. Wizi ni rahisi kuuchukia kwa kuwa una sura ya mwizi. Msamaha wa kodi hauna sura. Una namba ya kifungu tu.

Sheria ya fedha ya mwaka 2023, naikiri, iliwaongezea wenye mishahara ya zaidi ya 500,000 kodi ya asilimia 32.5, na ya zaidi ya 800,000 asilimia 35. Lakini tajiri hasa haishi kwa mshahara. Aishi kwa pango la majumba, kwa ardhi inayopanda thamani akiwa amelala, kwa riba ya hati, na kwa mgao wa faida, ambao mkaazi hukatwa asilimia 5 tu, ijapokuwa kampuni yenyewe imekwisha kulipa 30. Rai yangu, nisiyoifanya kuwa fatwa, ni kwamba riba ya hati za miundombinu itozwe kodi kwa wenye fungu kubwa na isamehewe kwa wenye laki moja au mbili. Na kodi ya mirathi irudishwe kwa mali zinazohesabiwa kwa mamia ya milioni. Nimesikia hoja kwamba matajiri watahamisha fedha. Walowezi nao mwaka 1922 walikuwa na tishio lao.

Narudi barazani. Redio ilipotangaza kwamba mafuta yatapanda, na kabla ushuru haujapitishwa, mwenye duka la jumla alikwisha kupandisha bei ya debe, na jirani yangu akapunguza kipande cha unga, hamri likawa dogo kwa upana wa kidole. Mswada ulipoanguka nikamwuliza lini litarudi ukubwa wake. Akacheka, "Maalim, debe limerudi?"

Siku hizo za karibu na maulidi alikuja kijana kutoka nyumba moja kubwa ya mtaa wa pili, akaagiza mahamri 150. Jirani yangu akafungua daftari, akapita kurasa za hamali na fundi wa viatu, akafika ukurasa wa peke yake ambapo palikuwa na khitima ya mwaka jana, na arusi, na mahamri ya Ramadhani, yote hayajalipwa, wala hayakuwa na tarehe. Akaongeza 150. Nikamwuliza mbona hawadai. "Wale ni watu wanaojiweza," alisema, "watalipa." Kijana akaondoka. Hamali akafika, mkokoteni wake akauegemeza ukutani, akanyoosha mkono kuchukua mahamri mawili, naye akamzuia kwa kijiti, akamwonyesha jina lake na shilingi 60 chini yake. Hamali akapekua mifukoni, akatoa 40.

"Na 20?" akamwuliza.